Nyota ya Kweli na Nyota ya Uongo

Mwanafunzi apimaye urefu wa waya mara moja tu hana njia ya kujua kama amekosea. Akipima mara sita, kosa huanza kujitokeza. Kanuni hiyo ya maabara ndiyo iliyotumika kuorodhesha nyota za anga nzima.

Kati ya mwaka 1997 na 2001, darubini mbili zenye vioo vya kipenyo cha mita 1.3, moja katika jimbo la Arizona, Marekani, na nyingine nchini Chile, zilipiga picha anga yote. Kazi hiyo huitwa 2MASS. Zilipokea miali ya infraredi isiyoonekana kwa macho, yenye mawimbi ya mikromita 1.25, 1.65 na 2.17. Miali hii hupenya vumbi la angani kuliko mwanga wa kawaida.

Kila sehemu ya anga ilipigwa picha sita, kila moja kwa sekunde 1.3. Kimondo kikipita, huonekana katika picha moja. Nyota huonekana katika zote. Tena, kila usiku zilipimwa nyota ambazo mng'ao wake ulikwisha kujulikana, ili vipimo vyote vilinganishwe nazo.

Hata hivyo, nyota yenye mng'ao mkali huacha alama hafifu ndani ya kipokezi, na picha ifuatayo huonyesha "nyota" mahali pasipo na kitu. Je, tufute kila kinachotia shaka? La. Vibete vya kahawia, ambavyo ni baridi mno kuliko nyota za kawaida, navyo huonekana vya ajabu. Tukifuta kila cha ajabu, tutafuta na uvumbuzi wenyewe. Kwa hiyo wataalamu walikokotoa mahali ambapo alama za uongo zingetokea, wakaondoa zilizothibitika, na kila kipimo kilichobaki wakakipa alama ya ubora wake.

Orodha kamili ilitolewa mwezi Machi 2003, ikiwa na nyota na vitu mfano wa nyota wapatao milioni 471, pamoja na maelezo ya kasoro zake. Msomaji asiyezitazama alama hizo huenda akatangaza nyota isiyokuwako.

Zoezi: Pima kipindi cha pendulamu mara sita. Andika vipimo vyote, usifute hata kimoja. Kisha weka alama kwenye kile unachokitilia shaka, na ueleze sababu.