Blanketi la Linus: Somo la Majilio

Soma: Luka 2:8–14

Wako wazazi wanaodhani kwamba katuni za televisheni ni mchezo mtupu. Huenda nyingi ni hivyo. Lakini katika Majilio haya tuitazame moja iliyohubiri Injili bila kupanda mimbarini.

Tarehe 9 Desemba 1965 televisheni ya CBS, huko Marekani, ilionyesha kipindi cha nusu saa juu ya Krismasi ya Charlie Brown, mtoto wa katuni zilizochorwa na Charles Schulz tangu mwaka 1950. Wakuu wa CBS hawakukipenda. Walikiona kinakwenda polepole mno. Hata watayarishaji wenzake Schulz waliogopa kutia maneno ya Biblia katika katuni, lakini yeye alishikilia. Watu wengi walikitazama, na mwaka 1966 kikapata tuzo ya Emmy.

Habari yenyewe ni hii. Charlie Brown anahuzunika kuona sikukuu imegeuka biashara. Anatumwa kununua mti wa Krismasi, naye anarudi na mti mdogo, mnyonge, hata wenzake wanamcheka. Ndipo anapouliza kwa sauti kama yuko ajuaye maana ya Krismasi. Rafiki yake Linus anasimama jukwaani, anaomba taa, kisha anasema kwa ghibu habari za wachungaji kama alivyoziandika Mtakatifu Luka.

Sasa tuangalie blanketi. Linus ni mtoto asiyeachana na blanketi lake. Ndilo kimbilio lake. Tujifunze mambo matatu.

Kwanza, ukali haukumsaidia. Dada yake, Lucy, anamkemea aliache, naye analifunga kichwani kama kilemba cha mchungaji. Sisi tuliofundisha watoto miaka mingi tunakiri kwamba tuliwanyang'anya wengi vitu vyao kwa nguvu, wala hatukuuliza wanaogopa nini.

Pili, neno lilimfungua. Anapofika pale malaika anapowaambia wachungaji wasiwe na hofu, mkono wake unaachia, na blanketi linaanguka. Hakuna aliyemwamuru. Hofu ilipoondoka, kimbilio halikuhitajika tena.

Tatu, alipomaliza aliliokota. Tusimcheke. Ni mara ngapi tumetoka kanisani wepesi, na kabla ya kufika nyumbani tumekwisha kuushika tena ule wasiwasi wetu wa fedha, wa ugonjwa, au wa watoto walio mbali? Lakini habari haikuishia hapo. Mwishoni Linus analivua mwenyewe blanketi lile na kulizungushia chini ya ule mti mnyonge, akisema kwamba labda unahitaji kupendwa kidogo. Kitu alichokishika kwa hofu amekitoa kwa upendo.

Ndugu zangu, hofu haiondoki kwa kukemewa. Huondoka kwa neno jema linalosemwa kwa upole, na pengine linahitaji kurudiwa mara nyingi.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
1. Blanketi lako ni nini?
2. Je, yuko mtu nyumbani mwako unayemkemea kwa sababu ya hofu yake? Ungemwambia nini badala yake?
3. Ni kitu gani ulichokishika sana, ambacho Krismasi hii kingemfaa mnyonge mwingine?