Resi inapanda na kushuka: kosa ni la milima?

*Nina Toyota Celica ya 1994. Njiani kutoka Iringa inakwenda vizuri, lakini nikisimama Mafiati, Mbeya, resi inapanda hadi 1,800, inashuka hadi 500, mara inazima. Naambiwa ni hewa ya mlimani. Nibadilishe injini?*
*Msomaji, Iringa*

Injini iache, ndugu, anajibu fundi wetu. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi hupunguza nguvu, lakini haichezeshi resi namna hiyo. Kwani Iringa si mlimani?

Anachoshuku ni hewa inayojipenyeza kwenye injini. Mipira ya hewa ya gari la umri huo hukauka na kupasuka upande wa chini, macho yasikofika. Gari likiwa limezimwa, pitisha kidole. Liwashe, sikiliza "fyuu". Injini ikipoa, angalia maji ya rejeta: yakipungua, valvu inayopanga resi huyumba. Kisha safisha masizi kwenye kipepeo cha hewa kwa dawa yake. Skrubu ya resi usiiguse. Hapo ndipo mafundi wengi huficha ugonjwa.

Pedali ya mafuta ikinata, usishuke na gari kwenye mteremko wa Kitonga. Livutwe hadi gereji.