Bao la Pili Ndilo Bao

Hapa Kipkelion nilizoea bao la kujifunza nikajiona bingwa. Kila shimo huanza na kete 2, basi unatembeza tu. Kumbe bao la Kiswahili lina maudhi! Mashimo ni yaleyale 32, kete 64, lakini kila mchezaji hupanga 10 tu ubaoni, 6 zikiwa nyumbani. Zile 22 za mkononi huingizwa moja moja, ndiyo namua. Zikiisha ndipo mtaji huanza, kwa hiyo keti vizuri. Juzi niliitawanya nyumba yangu mapema kwa pupa. Mstari wa mbele ukabaki mtupu, nikafungwa. Dadu hamna, bahati nitaisingiziaje? Nikamwambia mwenzangu, "Panga tena!"