Mashine ya Kutunga Nyimbo na Haki ya Mtunzi

Wanafunzi wenzangu, nanyi wanafunzi wa zamani mnaosoma jarida hili huko mlipo: siku hizi habari za akili mnemba zimejaa kila mahali, na hapa shuleni tumezishika upande mmoja tu, yaani kwamba mashine yaweza kumwandikia mvivu insha yake. Mimi nataka kusema juu ya muziki, maana huko ndiko nionako kwamba jambo hili latugusa sana sisi watu wa Mukuju, na jirani zetu wa mpakani mpaka Busia.

Kwanza yafaa tujue mashine hiyo hufanyaje kazi. Programu kama Suno na Udio hulishwa nyimbo nyingi mno zilizokwisha rekodiwa. Kompyuta haisikilizi kwa furaha kama sisi. Hupima tu sauti gani hufuata sauti gani, ngoma hupigwaje, na mwimbaji huvutaje neno. Ikisha kupata mazoea hayo, mtu huandika maneno machache, mathalani kwamba ataka wimbo wa harusi wa Kiswahili wenye gitaa la zamani, naye hupewa wimbo mzima, pamoja na sauti ya mwimbaji asiyepata kuzaliwa.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mwezi wa Juni 2024 kampuni tatu kubwa za muziki, Universal, Sony na Warner, zilizishtaki Suno na Udio katika mahakama za Marekani, zikidai kwamba rekodi zao zimetumiwa bila ruhusa. Suno ilipojibu mwezi wa Agosti ilikiri kwamba mashine yake ilifundishwa kwa rekodi makumi ya milioni, karibu zote zenye ubora wa kutosha zipatikanazo wazi katika intaneti. Ikajitetea kwamba sheria ya Marekani yaruhusu matumizi ya namna hiyo. Universal ilipatana na Udio Oktoba 2025, na Warner ikapatana na zote mbili Novemba mwaka huo huo.

Msomaji na ayaangalie maneno hayo, "karibu zote." Kampuni zina mawakili na vitabu vya hesabu, zaweza kuketi mezani na kupatana. Lakini mzee apigaye adeudeu matangani, kijana akamrekodi kwa simu na kumtia katika intaneti bila hata kutaja jina lake, yamkini naye yumo katika makumi hayo ya milioni. Ni nani aliyeketi mezani kwa ajili yake?

Tusidhani lakini kwamba mambo haya yameletwa na mashine. Wimbo wa Malaika wajulikana na wote. Fadhili William aliurekodi Kenya, Miriam Makeba akaupeleka ulimwenguni, na Boney M wakautoa tena mwaka 1981. Hata hivyo watu wangali wakibishana ni nani aliyeutunga: wengine humtaja Fadhili mwenyewe, wengine humtaja Adam Salim, Mtanzania, ambaye yasemekana aliutunga mwaka 1945. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi ukabaki. Hapakuwa na kompyuta hapo. Palikuwa na wimbo mzuri usio na karatasi.

Sasa tuje kwenye sheria, nami naomba mnivumilie kidogo, maana hapa ndipo penye faida. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 yasema kwamba kazi hulindwa ikiwa mtunzi ameitunga mwenyewe, na ikiwa imetiwa katika umbo la kushikika, yaani imeandikwa au imerekodiwa. Haidai kwanza uandikishwe ofisini. Basi wimbo uliomo kichwani mwa mzee tu, hata ukiwa mtamu namna gani, hauna ulinzi huo. Tena sheria hiyo yamweleza mtunzi kuwa ni mtu, si chombo. Kwa hiyo wimbo uliotungwa na mashine peke yake haupati mtunzi hapa kwetu. Nadhani waliotunga sheria mwaka ule hawakuwaza kabisa juu ya Suno! Kenya nayo ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, ambayo yazitaka serikali za kaunti ziweke daftari za mambo hayo. Kwa hiyo Wateso wa Busia upande wa Kenya wanao mlango wa kubisha juu ya nyimbo za wazee wao. Adeudeu ni ile ile, wimbo ni ule ule, ila mpaka umepita katikati.

Muhula huu tulijaribu mashine hiyo katika chumba cha kompyuta, mwalimu akiwapo. Tuliiomba wimbo wa adeudeu kwa Kiteso. Ikatupa gitaa, na maneno ambayo hakuna Mteso aliyeyafahamu. Wenzangu walicheka sana, na mmoja akasema tumesalimika kwa kuwa haitujui. Mimi sikubali. Itajifunza, na itajifunza kwa rekodi zile zile tunazozitupa ovyo bila majina.

Kwa sababu hiyo chama chetu cha muziki kimeanza daftari. Kila tunapomrekodi mwimbaji, kwanza twaomba ruhusa yake, kisha twaandika jina lake, kijiji, tarehe, na nani aliyetunga maneno. Naye hupewa nakala. Mpaka sasa tuna nyimbo kumi na nne. Lakini zipo nyimbo mbili za kwaya ya shule tunazoziimba kila mwaka siku ya wazazi, na hapana mwalimu wala mwanafunzi ajuaye mtunzi wake. Wanafunzi wa zamani walio na kanda za kwaya, au daftari za noti, twawaomba wazilete au wazipeleke kwa mhariri, wakiandika majina wanayoyakumbuka, hata kama ni nusu ya jina.