HERUFI NNE ZA BANDARINI

Ndugu mwanakisomo, sasa unasoma Kiswahili. Unasoma barua. Unasoma jina la kijiji kwenye kibao. Lakini ukifika Kigoma mjini unakuta maandishi ya namna nyingine. Yapo kwenye magunia, kwenye masanduku na kwenye boksi la dawa. Herufi karibu zote unazijua, ila maneno huyajui. Hicho ni Kiingereza.

Leo hatujifunzi Kiingereza chote. Tunafanya kazi ndogo: kutafuta herufi nne ndani ya maneno ya Kiingereza. Herufi zenyewe ni hizi:

P O R T

PORT maana yake ni bandari. Mara nyingine neno hili husimama peke yake. Mara nyingi limefichwa ndani ya neno refu zaidi. Tazama:

EXPORT
IMPORT
TRANSPORT
PASSPORT
REPORT

Weka kidole chini ya kila neno na uzitafute herufi zetu nne. Ziko mwishoni, zimefuatana, hakuna iliyoruka nafasi yake. Jambo hili la kufuatana ni kubwa. Liko neno jingine la Kiingereza, PROTECT, yaani kulinda. Lina P, lina R, lina O, lina T. Lakini R imeitangulia O. Hilo silo letu, liache. Anayesoma kwa haraka hukosea hapa.

Maneno mawili kati ya hayo unayasema kila siku. REPORT ni ripoti. PASSPORT ni pasipoti. Kiswahili kimeyachukua, kikaiacha R ya mwisho, kikaongeza I ili neno lipate kutamkika. Ndiyo maana sikio linalijua neno kabla ya jicho.

Kwa nini herufi hizi zinarudi mara nyingi hivyo? Maneno haya yalitoka katika Kilatini, lugha ya kale ya Warumi. Katika lugha hiyo bandari iliitwa PORTUS, na kubeba kuliitwa PORTARE. Kwa hiyo ukiona PORT, fikiri kwanza juu ya mambo mawili: bandari na mzigo. EXPORT ni kubeba kwenda nje, yaani kuuza bidhaa nchi za nje. IMPORT ni kubeba kuingiza ndani. TRANSPORT ni kubeba kutoka upande mmoja kwenda ng'ambo, yaani usafirishaji. Mtu wa ziwani halioni neno hilo kuwa gumu, maana ng'ambo anaiona kwa macho siku ambayo hakuna ukungu.

Na mtu anayebeba? Kwa Kiingereza ni PORTER. Sisi tunasema mpagazi. Kabla ya reli, Ujiji ilikuwa mwisho wa njia ndefu ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora. Nguo na shanga zilikuja kwa vichwa na mabega ya wapagazi, na pembe za ndovu zilirudi pwani kwa njia ile ile. Njia hiyo ilipita watumwa pia, na wengi wao walitwishwa mizigo bila kuulizwa. Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, wapagazi ndio waliomletea mizigo yake. Wazungu wakaandika vitabu. Majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa popote.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata meli ya Wajerumani ilitiwa majini hapo. Ilikuwa imeletwa kutoka Ujerumani vipande vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma. Baadaye Waingereza waliiita Liemba. Kwa miaka mingi Liemba ilikwenda mpaka Mpulungu, Zambia. Vijiji vingi vya njiani havikuwa na bandari, kwa hiyo meli ilisimama majini na watu wakaifuata kwa boti. PORT yao ilikuwa ubavu wa mtumbwi!

Neno PORT lina maana nyingine tena kwa mabaharia. Ni upande wa kushoto wa chombo, ukiwa umetazama mbele. Usiku meli huwasha taa nyekundu upande huo, na taa ya kijani upande wa kulia. Mvuvi wa dagaa aliye ziwani usiku na aangalie vizuri. Akiona taa nyekundu na ya kijani kwa pamoja, meli imeelekeza uso kwake. Aondoke njiani mapema.

Sasa tufike kwenye jambo la hatari.

Tazama tena EXPORT. Herufi tatu za mwanzo ni E, X, P. Herufi X haimo katika maneno ya Kiswahili. Wengi tuliijua kwanza kama alama ya kosa katika daftari! Kwa Kiingereza mara nyingi husomwa kama K na S pamoja: eks.

Mtu aliyeona EXPORT kwenye magunia bandarini huenda akarudi nyumbani, akaona EXP kwenye boksi la dawa. Atasema, "Hii ni ile ile, dawa ya kupelekwa nje." Sivyo. Kwenye dawa, EXP si EXPORT. Ni kifupi cha neno jingine, EXPIRY, maana yake mwisho wa kutumika. Hesabu mbili zinazofuata ni mwezi na mwaka. Kwa mfano:

MFG 04 2021
EXP 03 2024

MFG ni wakati dawa ilipotengenezwa. EXP ni wakati inapokwisha. Dawa hii ilitengenezwa Aprili 2021. Mwezi wa Machi 2024 ulipokwisha, dawa nayo ilikwisha, hata kama vidonge vilibaki vyeupe na boksi halikuwa limefunguliwa. Dawa iliyopita wakati wake yaweza kupungua nguvu. Mtoto mwenye malaria akipewa dawa isiyo na nguvu, homa huendelea na siku zinapotea. Usimpe mtu dawa hiyo. Ipeleke zahanati ukaulize.

Je, ukipewa vidonge ndani ya karatasi tupu? Hapo hakuna EXP ya kutafuta. Mwombe muuzaji akuonyeshe boksi lenyewe, usome mwenyewe. Usione haya. Ni fedha yako na ni mwili wako.

Neno moja la mwisho, kwa kuwa linapendeza: OPPORTUNITY. Ni refu, lakini PORT imo katikati. Maana yake ni nafasi njema. Kwa Warumi, lilitokana na upepo unaosukuma chombo kuelekea bandarini. Mwenye mashua ya tanga ataelewa upesi kuliko mwalimu.

MAZOEZI

1. Pigia mstari herufi P O R T katika maneno haya. Mawili hayana herufi hizo kwa kufuatana. Ni yapi?
AIRPORT, PROTECT, SUPPORT, TROPICAL, SPORT, IMPORTANT

2. AIR ni hewa. Je, AIRPORT ni mahali gani?

3. Boksi la kwanza limeandikwa EXP 08 2023. Boksi la pili limeandikwa EXP 11 2030. Andika tarehe ya leo. Dawa ipi bado inafaa?

4. Ukienda Kibirizi au sokoni Ujiji, chukua penseli na karatasi. Nakili maneno matatu yenye PORT kutoka kwenye magunia, masanduku au magari. Yalete darasani.

5. Kabla ya kipindi kijacho, tafuta EXP kwenye kila dawa iliyoko nyumbani kwako. Andika mwezi na mwaka.