Kuuliza na Kupima Kazi za Mwili

Katika likizo iliyopita nilichukua karatasi ya maswali 16, nikaenda nayo nyumbani. Maswali hayo yalitungwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, nayo hutumiwa katika nchi nyingi ili kujua watu wazima huitumikisha miili yao kwa kiasi gani. Mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alikuwa ametuambia kila mmoja awaulize watu wawili wa nyumbani kwake. Nilidhani ni kazi nyepesi. Kumbe sivyo.

Wa kwanza alikuwa nyanya yangu. Nilimkuta anarudi kisimani, mtungi kichwani. Nikamsalimu, nikampokea mtungi, kisha nikamwuliza, "Nyanya, katika juma moja wafanya mazoezi siku ngapi?" Akacheka, akasema, "Mazoezi ni ya askari na watoto wa shule, mjukuu wangu. Mimi sina mazoezi hata siku moja." Nami nikaandika sifuri.

Wa pili alikuwa baba yangu, ambaye ni karani. Daktari alikwisha kumwambia kuwa damu yake yapiga kwa nguvu mno, na kwamba atembee kwa miguu kila siku. Nilipomwuliza alijibu bila kusita, "Natembea saa nzima kila siku, mwanangu." Nikaandika dakika 60, siku 7.

Usiku nilipoitazama karatasi yangu niliona haya. Kwa karatasi ile, nyanya yangu aliyeshika jembe tangu alfajiri alikuwa mvivu, na baba yangu akaaye kitini tangu asubuhi hata jioni alikuwa mtu wa kutembea sana. Basi nikaanza kujiuliza: maswali ya namna hii yafaa kuaminiwa? Hilo ndilo somo letu la leo.

Kwa nini watu huulizwa

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza habari za wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva alikaa kitini siku nzima, lakini kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Ilionekana kuwa makondakta waliugua maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva. Tangu hapo wataalamu wengi wametafuta kujua jinsi mwili unaotumika unavyojikinga na maradhi.

Morris hakuwa na haja ya kumwuliza kondakta amepanda ngazi mara ngapi, kwa kuwa kazi yenyewe ilisema. Lakini watu wengi hawana kazi ya namna moja. Mtu hulima asubuhi, huuza dukani mchana, na jioni hupanda boda boda kurudi kwake. Huwezi kumfuata kila mtu na daftari mkononi. Njia iliyo rahisi ni kumwuliza mwenyewe.

Majibu hugeuzwa kuwa hesabu. Kukaa kimya huhesabiwa 1. Kazi ya nguvu ya kadiri, kama kutembea kwa haraka, huhesabiwa 4, na kazi nzito huhesabiwa 8. Mtu atembeaye dakika 30 kwa siku 5 amepata dakika 150. Tukizidisha kwa 4 twapata 600. Hicho ndicho kiasi cha chini kinachotakiwa kwa juma. Angalieni basi: kosa dogo katika dakika hukua likizidishwa kwa siku, kisha likazidishwa tena kwa 4 au kwa 8.

Mambo mawili ya kupima

Kila kipimo huhukumiwa kwa mambo mawili, nayo yafaa tusiyachanganye.

La kwanza ni uthabiti. Kipimo thabiti hutoa jibu lile lile kikirudiwa, ikiwa kitu kinachopimwa hakikubadilika. La pili ni uhalali, yaani kipimo kipime kile kile kinachodai kukipima.

Wengi wetu ni watoto wa wakulima wa kahawa, kwa hiyo mfano wa mizani watutosha. Mnunuzi mmoja alikuja kijijini kwetu na mizani yake. Mkulima aliyekuwa na shaka alipima gunia lake mara tatu, na mara zote tatu uzito ulikuwa ule ule. Akaridhika. Baadaye gunia lile lilipopimwa mahali pengine ilionekana kuwa mizani ile ilikuwa ikila kilo kadhaa kila mara. Mizani ile ilikuwa thabiti kabisa, lakini haikuwa halali. Mkulima aliuliza swali la kwanza akasahau la pili.

Wataalamu walipopima maswali yenyewe

Mwaka 1998 wataalamu walianza kazi mjini Geneva ya kutunga maswali yatakayofaa katika nchi nyingi. Mwaka 2000 maswali hayo yalijaribiwa katika vituo 14 vya nchi 12, na Afrika Kusini ilikuwa mojawapo. Watu waliulizwa, kisha wakaulizwa tena baada ya siku chache. Wengine walivaa kiunoni chombo kidogo kinachoandika kila mwendo wa mwili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003.

Kabla sijawapa matokeo, yafaa kueleza namba iliyotumika. Fikirini mitihani miwili ya darasa moja. Ikiwa aliyekuwa wa kwanza katika mtihani wa Januari ni wa kwanza tena katika ule wa Aprili, na wa mwisho ni wa mwisho tena, na wote katikati wameshika nafasi zao, ulinganifu wa orodha hizo mbili ni 1. Ikiwa orodha ya pili haifanani na ya kwanza kwa njia yoyote, ulinganifu ni 0.

Basi, majibu ya mara ya kwanza yalipolinganishwa na ya mara ya pili, ulinganifu ulikuwa karibu 0.8. Huo ni uthabiti mzuri. Lakini majibu yalipolinganishwa na chombo, ulinganifu ulikuwa karibu 0.3 tu. Maswali yale 16 ya Shirika la Afya nayo yalijaribiwa katika nchi 9, Ethiopia ikiwamo. Uthabiti wake ulikuwa kati ya 0.67 na 0.81, lakini yalipolinganishwa na vyombo namba zilikuwa kati ya 0.06 na 0.35. Twaona hapa mizani ya mnunuzi imerudi tena. Watu husema neno lile lile leo na juma lijalo, lakini neno hilo laweza kuwa mbali na ukweli.

Tena kuna jambo ambalo namba hiyo hailionyeshi. Kama darasa zima lingeongezewa alama 20 kila mmoja, nafasi zingebaki zile zile, na ulinganifu ungekuwa 1. Vivyo hivyo, kama kila mtu angetaja dakika mara mbili ya zile za kweli, namba ingetusifia maswali yetu, na huku hesabu yote ni ya uongo. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama nafasi zalingana. Lazima tuulize pia kama kiasi chalingana. Marekani walifanya hivyo kwa watu waliochunguzwa mwaka 2005 na 2006. Kwa maneno yao wenyewe, watu 62 katika kila 100 walitimiza kiasi kinachotakiwa. Kwa chombo cha kiunoni, hawakufika hata 10 katika kila 100.

Kwa nini majibu hupotoka

Sababu ya kwanza ni kusahau. Mtu hukumbuka mchezo wa mpira wa Jumamosi kwa sababu ulikuwa na saa yake na kelele zake. Lakini nani akumbukaye mara ngapi amekwenda jikoni, dukani, au kwa jirani?

Sababu ya pili ni kupenda sifa. Mtu akijua jibu lipi ni zuri, ulimi wake huelekea huko, hata kama si mwongo. Mimi mwenyewe nilipojijaza karatasi yangu niliandika kuwa nacheza mpira siku nne kwa juma. Ratiba ya timu yetu ukutani yasema siku mbili.

Sababu ya tatu ni neno lenyewe. Maswali yale 16 hayaanzi na mazoezi. Yaanza na kazi, kama kulima, kuchota maji na kubeba mizigo; kisha yauliza safari za miguu na baisikeli; ndipo yafike kwenye michezo. Mwulizaji aagizwa aonyeshe picha za kazi za mahali pale, na asome swali kama lilivyoandikwa. Mimi nilikuwa nimelifupisha kwa maneno yangu. Nyanya hakukosea. Nilimwuliza juu ya mazoezi, naye alijibu juu ya mazoezi. Uhalali wa swali uliharibika kinywani mwangu.

Sababu ya nne ni majira. Ukimwuliza mkulima wakati wa mvua za kupanda, kisha ukarudi wakati wa kiangazi, majibu yake hayatalingana. Usiseme kuwa maswali si thabiti, maana maisha yenyewe yamebadilika. Lakini ukirudi kesho yake, atakariri jibu la jana kama shairi, nawe utausifu uthabiti usiokuwapo. Kwa hiyo kuchagua siku ya kurudia si jambo dogo.

Je, chombo husema kweli daima?

Tusikiabudu chombo. Kile cha kiunoni hakioni vema kazi ya mpanda baisikeli, wala hakijui kama mama atembeaye amebeba mtungi wa maji au mikono mitupu. Mtu apigaye jembe hutumia mikono na mgongo, na kiuno chake husogea kidogo. Tena wengi hukivua wanapooga na kulala. Njia iliyo sahihi kuliko hiyo ni kunywa maji maalumu na kupima mkojo kwa siku kadhaa, ili kujua nguvu yote iliyotumika. Lakini ni ghali, nayo haisemi kama nguvu hiyo ilitumika shambani au njiani. Basi ulinganifu unapokuwa mdogo, kosa si la mdomo peke yake.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Uganda. Katika uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2014, kwa maswali yale yale 16, zaidi ya watu wazima 9 katika kila 10 walionekana kutimiza kiasi kinachotakiwa, na sehemu kubwa ilitoka katika kazi. Kama wangeulizwa michezo tu, wakulima wetu wengi wangeandikwa kama mimi nilivyomwandika nyanya yangu. Halafu mtu wa mbali angeisoma karatasi hiyo, akaleta fedha za kuwafundisha kuruka kamba watu ambao haja yao ni kisima kilicho karibu.

Nilivyorudi kuuliza

Asubuhi ya pili nilirudi kwa nyanya, nikamsomea maswali neno kwa neno. Ilichukua muda, maana yeye hahesabu kwa dakika. Nikamwuliza jua lilikuwa wapi alipoanza, na lilikuwa wapi alipotua jembe. Sifuri yangu ilifutika, na mahali pake pakaja saa nyingi kuliko za mtu yeyote nyumbani.

Baba nilimwomba ruhusa ya kuandika safari zake kwa juma moja. Alikubali huku akitabasamu, akiwa na hakika ya kushinda. Nikaandika dakika alizotembea kwenda kwenye boda boda, na kutoka kwenye boda boda hadi ofisini, na kurudi. Siku ya saba tulijumlisha pamoja mezani. Saa moja aliyoisema haikufikiwa hata siku moja. Siku nyingi haikufika robo ya saa. Alinyamaza kwa muda mrefu, akasema, "Nilikuwa nikiihesabu ile njia ya zamani, nilipokuwa sina nauli." Hakuwa amenidanganya. Alikuwa amejidanganya mwenyewe, na hatari yake ilikuwa hii: aliamini kuwa dawa aliyoagizwa na daktari alikuwa akiinywa kila siku. Tangu siku ile hupanda boda boda wakati wa kwenda tu, na jioni hurudi kwa miguu.

Basi, nimejifunza kuwa maswali haya yafaa kwa kulinganisha makundi makubwa ya watu, au mwaka mmoja na mwingine, mradi yaulizwe kwa namna ile ile. Hayafai sana kumhukumu mtu mmoja. Na anayeuliza ana sehemu yake katika jibu analopewa.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa mfano wako mwenyewe kipimo kilicho thabiti lakini si halali. Je, kipimo kisicho thabiti chaweza kuwa halali?
2. Kwa nini ulinganifu wa 1 hautoshi kuonyesha kuwa watu wametaja dakika za kweli?
3. Andika leo muda unaodhani unatembea kwa juma. Kisha hesabu kweli kwa siku saba. Linganisha, wala usimwonyeshe mtu kama hutaki.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita