Tohara au Ukeketaji? Uteuzi wa Msamiati katika Filamu za Hali Halisi kuhusu Wanawake na Mila

Utangulizi

Filamu ya hali halisi huwaonyesha watu wenyewe wakinena na kutenda katika mazingira yao, bila waigizaji. Kim Longinotto wa Uingereza alianza na Pride of Place (1976), aliyoitengeneza akiwa mwanafunzi, kuhusu shule ya bweni aliyosomea. Baadaye aligeukia maisha ya wanawake na mila. Huko Iran alishirikiana na Ziba Mir-Hosseini kutengeneza Divorce Iranian Style (1998), na nchini Kenya akatengeneza The Day I Will Never Forget (2002). Makala hii inaitumia filamu hiyo ya Kenya kuonyesha kwamba anayetafsiri maneno ya wahusika ni mtunzi wa pili wa filamu.

Sauti za wahusika

Filamu hiyo inahusu kukatwa kwa wasichana. Katika jamii ya Wasomali jijini Nairobi, msichana mdogo anakariri mbele ya mama yake shairi alilolitunga kuhusu siku aliyokatwa, kisha anamwomba mdogo wake asifanyiwe hivyo. Kwingineko, wasichana wa Kimarakwet wanakwenda mahakamani dhidi ya wazazi wao. Hakuna msimulizi anayemwambia mtazamaji nani ana haki. Kwa sababu hiyo, mtazamaji asiyeijua lugha ya mhusika hutegemea maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya picha.

Maneno mawili, mitazamo miwili

Tuseme filamu ya aina hii inatafsiriwa kwa Kiswahili. Mtafsiri atakutana na maneno mawili. Neno "tohara" lina asili ya Kiarabu na hubeba maana ya usafi. Anayelitumia hukiona kitendo hicho kuwa utakaso. "Ukeketaji" latokana na "keketa", yaani kukata kwa shida kwa kifaa butu. Anayelitumia amekwisha kutoa hukumu. Hali kadhalika, "unyago" si kisawe cha lolote kati ya hayo, kwani ni mafunzo ya wasichana, na kuna jamii zenye unyago zisizowakata.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikataza wasichana wadogo kukatwa, na sheria mahususi ya mwaka 2011 ikapanua katazo hilo hadi kwa wanawake wazima. Katika mjadala wa sheria na haki, "ukeketaji" ndilo neno linalofaa. Lakini bibi anayesema kwamba alimsafisha mjukuu wake asitafsiriwe kana kwamba amesema alimkeketa. Tafsiri hiyo humfanya aonekane mkatili anayejijua, ilhali aliamini anatenda wema. Mtazamaji hukosa kuielewa imani hiyo, na mila isiyoeleweka ni vigumu kuipinga. Kwa upande wa pili, msichana anayesema "walinikata" asiandikiwe "nilitahiriwa", kwani neno hilo la adabu huficha maumivu yake.

Kielelezo cha Eastlands

Mitaa ya Eastlands inampa mwanafunzi wa Kiswahili uwanja mzuri wa kazi hii. Eastleigh ni makao mashuhuri ya Wasomali. Pumwani, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, una historia ya wanawake waliojenga nyumba na kupangisha. Na Sheng husikika kila mtaa. Nyanya, mama na binti wa nyumba moja huweza kukitaja kitendo kimoja kwa maneno matatu. Mwanafunzi anayewarekodi ayahifadhi yote matatu, kwani humo ndimo safari ya mila kutoka kizazi hadi kizazi inamosikika.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba uaminifu wa tafsiri si sawa na kuunga mkono mila. Mwache kila mhusika aseme kwa neno lake. Shairi la msichana yule lina nguvu ya kutosha kujibu.

Zoezi

1. Fafanua tofauti za kimaana kati ya "tohara", "ukeketaji" na "unyago".
2. "Mtafsiri ni mtunzi wa pili." Jadili ukirejelea filamu yoyote ya hali halisi.